Mbegu za Kopo, Mbegu za Bibi

Kwenye kipindi cha wiki hii nilitaja kopo langu la mbegu, mkanicheka. Haya, leo nawapa habari yote.

Mwaka 2020, si mnakumbuka rafu za madukani zilivyokuwa tupu? Watu walikimbilia mbegu za bustani, mpaka baadhi ya kampuni zikaacha kupokea oda kwa muda. Mimi nami nikaagiza kopo la bati: aina thelathini za mboga, zote mbegu za asili. Nikaliweka kabatini, kwenye apatimenti yetu hapa Silver Spring, nikajiona niko tayari kwa lolote. Sikuwa na hata ndoo moja ya udongo.

Mbegu za asili unapanda, unavuna, unabakiza mbegu, na mwakani zinakupa mboga ileile. Chotara, zile pakiti zilizoandikwa F1, hazifanyi hivyo. Watoto hawafanani na mama yao. Kwa hiyo kununua za asili sikukosea. Kosa langu lilikuwa kabati. Nilipopata kipande kwenye bustani ya jamii upande wa Hyattsville mwaka 2024, nikafungua kopo. Nyanya ziliota. Kitunguu, hata kimoja! Kumbe mbegu ya kitunguu huchoka baada ya mwaka mmoja au miwili, wakati ya nyanya huweza kufika minne na zaidi.

Mama alicheka mpaka akakaa chini. "Mwanangu, mbegu hata ukiificha vipi, inazeeka." Kwao Muheza, bibi alichanganya kunde za mbegu na majivu ndani ya kibuyu, akakitundika juu ya jiko ili moshi ufukuze wadudu. Lakini kila masika yakikaribia, kibuyu kilishushwa. Alipanda, na jirani aliyekosa alipewa.

Halafu mama akanyamaza. Safari yake ya mwisho bibi akiwa hai, alibeba kunde zile, konzi moja tu, zimefungwa kwenye pindo la kanga. Uwanja wa ndege wakazichukua. Marekani inataka cheti cha afya ya mimea, na wakati mwingine kibali, kwa mbegu za kupanda, maana huweza kubeba wadudu na magonjwa. Afisa alieleza kwa upole, mama hakubishana. Bibi akafariki mwaka uliofuata, na kibuyu hakuna ajuaye kilikwenda wapi.

Basi, pale bustanini kuna mzee mmoja, Mmarekani mweusi, kipande chake kinapakana na changu. Siku moja alinipa pilipili yenye mistari ya kijani na nyeupe, na majani yake yana mabaka hivyohivyo. Inaitwa Fish Pepper. Zamani wapishi weusi wa ukanda huu wa Chesapeake waliitia kwenye mchuzi mweupe wa samaki, kwa sababu ikiwa changa haiharibu rangi. Baadaye ikakaribia kupotea. Iliyoiokoa ni zawadi: miaka ya 1940, mchoraji Horace Pippin wa Pennsylvania, aliyeumia mkono katika Vita vya Kwanza vya Dunia, alimpa mfugaji nyuki H. Ralph Weaver mbegu, naye akapewa nyuki wamuume mkono kupunguza maumivu. Weaver alipofariki, mbegu zilibaki kwenye friza. Mjukuu wake, William Woys Weaver, akazikuta, akazipanda, na mwaka 1995 zikaanza kugawiwa kupitia Seed Savers Exchange. Leo ziko bustanini kwangu.

Nilipomsimulia mama, aliweka kikombe chini. "Bibi yako si alikuwa anawapa majirani?" Usiku uleule akapiga simu Muheza. Simu tatu, nne. Akampata mama mmoja wa kijijini. Kunde anazo, za bibi, na anapanda kila mwaka.

Sasa tunahangaika na makaratasi: kibali huku, cheti kule. Safari hii hakuna cha pindo la kanga.

Nanyi mkitaka kuanza, anzeni na kunde au nyanya, kwa kuwa hujichavusha zenyewe na ni nadra kuchanganyika. Huku kwetu subirini katikati ya mwezi wa tano, udongo upate joto. Acheni maganda machache yakaukie kwenye mmea. Kausheni mbegu vizuri, tieni kwenye chupa, andikeni jina na mwaka, wekeni mahali pakavu na pa baridi. Na kila mkivuna, mpeni mtu konzi moja.

Mimi za pilipili ninazo. Anayetaka aniandikie.