Kutoka Bandarini hadi Kariakoo kwa Miguu

Dar es Salaam ya zamani ni eneo dogo. Kutoka ukingo wa bandari hadi Soko la Kariakoo hazifiki kilomita tatu, na mtembezi hupita humo kazi za Sultani wa Zanzibar, Wajerumani, Waingereza na Tanzania huru.

Mji ulianza miaka ya 1860, pale Sultani Majid bin Said alipojenga jirani na kijiji cha Mzizima, penye bandari iliyotulia. Alifariki mwaka 1870 kazi haijaisha, na mrithi wake, Barghash, hakuiendeleza. Masalia ya enzi hiyo yako Barabara ya Sokoine: Boma la Kale, lenye kuta nene za matumbawe na milango ya kuchongwa kwa mtindo wa Zanzibar, pamoja na Nyumba ya Atiman.

Mwaka 1891 Wajerumani walihamishia hapa makao makuu ya koloni lao kutoka Bagamoyo. Makanisa mawili waliyoyajenga, Azania Front la Kilutheri lenye vigae vyekundu na Mtakatifu Yosefu la Kikatoliki, bado yanatazama maji.

Ukiingia ndani kidogo, Mtaa wa Samora, unakuta Sanamu ya Askari. Waingereza waliisimamisha mwaka 1927, mahali palipokuwa na sanamu ya gavana Mjerumani Wissmann iliyoondolewa mwaka 1916. Inawakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika wa Vita Kuu ya Kwanza, na maandishi yake ni ya Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza.

Kutoka hapo mitaa ya Uhindini, duka chini na makazi juu, inaelekea Mnazi Mmoja. Uwanja huu uliachwa wazi makusudi, kuwatenga Waafrika na mji wa wageni. Leo ni mahali pa kupumzika: muuza madafu anakata kichwa cha dafu kwa panga, mteja anakunywa papo hapo, kisha ganda linapasuliwa ale nyama yake.

Ng'ambo ya uwanja ndiyo Kariakoo, iliyopata jina kutokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza kilichopiga kambi hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mtaa wa Lumumba ndiko chama cha TANU kilikoundwa, tarehe 7 Julai 1954. Mbele zaidi ni soko lenyewe, lililosanifiwa na Mtanzania Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975. Paa lake ni miavuli mikubwa ya zege, na chini ya ardhi kuna ghorofa ya biashara ambayo wenyeji huiita shimoni. Moto uliliunguza Julai 2021, likafanyiwa ukarabati mkubwa.

Matembezi haya yanafaa kuanza asubuhi, kabla jua halijakaza. Kariakoo msongamano ni mkubwa, hivyo simu na pochi vishikwe vizuri. Kurudi Kivukoni, kando ya bandari, kuna mabasi ya mwendokasi. Nyumba nyingi za zamani za katikati ya jiji zimeshabomolewa kupisha maghorofa, na zilizobaki zinastahili kutazamwa na kulindwa sasa.