Mulago, kilima kilichofuatilia uvimbe wa taya

Anayetoka Wandegeya kwenda soko la Kalerwe kununua matoke hupita chini ya kilima cha Mulago, jijini Kampala, na huenda asikitazame mara mbili. Hospitali iliyo juu yake ilianza mwaka 1913, Albert Cook akitibu magonjwa ya zinaa. Majengo makubwa yalikamilika 1962, Uganda ilipopata uhuru.

Lakini kisa chenyewe ni cha 1957. Dk. Hugh Trowell alimwita wodini mpasuaji Denis Burkitt amwone mtoto aliyevimba taya pande zote mbili, juu na chini. Kansa haina desturi ya kuota pembe nne kwa mpigo. Muda si mrefu, akiwa hospitali ya Jinja, Burkitt alichungulia dirishani akamwona mtoto mwingine mwenye uso uleule. Hapo akaanza kupekua mafaili.

Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari kuukuu wakazunguka kusini na mashariki mwa Afrika kiasi cha kilomita 16,000, wakiuliza kila hospitali: mmeuona uvimbe huu? Utafiti wa bei rahisi kweli. Majibu yakaonyesha kwamba ugonjwa ulipenda sehemu za joto na mvua. Kwenye nyanda zilizopita mita 1,500 hivi ulikuwa adimu. Kampala, yenye mita 1,200 tu, imo ndani ya ukanda wa ugonjwa huo.

Vipande vya uvimbe vilisafirishwa kwa ndege hadi London, kwa mtafiti Anthony Epstein. Safari moja ndege ilikwepa ukungu ikatua Manchester, na kichupa kilipofika maji yake yalikuwa yametibuka. Wengi wangedhani kimeoza wakakitupa. Epstein alikipima akakuta seli hai zinaelea, na kutokana na seli hizo virusi vya Epstein-Barr vilitambuliwa mwaka 1964. Vilikuwa virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Taasisi ya Saratani ya Uganda ilizaliwa Mulago 1967, na watoto wengi waliotibiwa kwa dawa bila kisu walipona.

Virusi vya Epstein-Barr wanavyo watu wengi duniani, bila kuumwa chochote. Saratani hii huwaandama hasa watoto wa kule ambako malaria haina msimu. Burkitt alidhani anafuata uvimbe, kumbe alikuwa akipita njia ya mbu.