Fundi wa efekti za televisheni (2): Mlango wa kuingilia

Juma lililopita tulieleza maana ya efekti za picha. Leo tuwajibu vijana wanaouliza ufundi huu unaanzia wapi.

Wengi huota mazimwi na majengo yanayolipuka. Anayeanza, hata hivyo, hupewa kazi ya kufuta: waya uliombeba mwigizaji, maikrofoni iliyochungulia juu ya fremu, nguzo ya umeme katika tamthilia ya karne ya 18. Au hupewa rotoskopi, yaani kumchora mwigizaji kwa kufuata ukingo wa mwili wake ili atengwe na kilicho nyuma yake. Kwa picha 25 kwa sekunde, kipande cha sekunde 4 kina picha 100. Kiwiliwili hakisumbui. Kinachotoa jasho ni nywele, na mkono unaopunga kwa kasi, kwa kuwa ukingo wake huwa na ukungu. Ukiukata kwa mstari mkali, mtazamaji atahisi kuna kasoro hata akishindwa kuitaja.

Programu hujifunzwa; Blender, kwa mfano, hupatikana bure. Kigumu ni kulizoeza jicho. Ukipachika gari la kompyuta kwenye barabara halisi, tazama kwanza weusi wa kivuli chake. Mafundi huipandisha picha mwanga kupita kiasi kwenye skrini, na hapo weusi usiolingana hujianika wenyewe.

Wanaolalamikia uduni wa vifaa wana hoja, ila si kubwa kama wanavyodhani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kundi la fundi wa efekti Ron Thornton lilitengeneza anga na vyombo vya tamthilia ya Babylon 5 kwa kompyuta za Amiga, ambazo watu walikuwa nazo majumbani, na filamu yake ya utangulizi ikapata tuzo ya Emmy ya efekti. Nakiri kazi hiyo leo inaonekana imezeeka.

Televisheni ina ukali wake: siku ya kurusha kipindi huisogezi wewe. Anayechelewa kwa kutafuta ukamilifu haitwi tena.

Unapoomba kazi, video ya kazi zako isizidi dakika 2. Tanguliza kilicho bora, na kwenye kila kipande andika ulichofanya wewe mwenyewe. Usijitwalie kazi ya kundi zima, maana wenye fani hii wanajuana. Juma lijalo tutazungumzia malipo na mikataba.