Jina la Majeruhi: Uokoaji Eastleigh (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulieleza rangi za kuwapanga majeruhi: nyekundu kwa anayehitaji daktari sasa hivi, manjano kwa awezaye kungoja, kijani kwa anayetembea, nyeusi kwa aliyekwisha kufa. Leo tuingie kazi isiyo na king'ora: kuandika majina.

Jumapili ya Novemba 18, 2012, bomu lililipuka ndani ya matatu mtaani Eastleigh, Nairobi. Katika mitaa ile iliyosongwa na mikokoteni na marobota ya nguo, ambulensi huchelewa. Anayemfikia majeruhi kwanza ni mwenye duka, naye humpakia kwenye gari lolote linalopita. Simlaumu, damu haisubiri. Ila gari likishaondoka, nani ajuaye limeelekea hospitali ya Kenyatta, ya Mama Lucy au zahanati ya jirani? Habari zikikosekana, uvumi hupata nafasi. Safari ile, kesho yake, vijana waliwavamia Wasomali, ambao ni wengi mtaani humo, na kuvunja maduka.

Baada ya shambulio la jumba la maduka la Westgate, Septemba 2013, Msalaba Mwekundu walifungua dawati la kutafuta jamaa katika ukumbi wa Oshwal: orodha moja, mahali pamoja.

Eastleigh orodha hiyo ina mitego yake. Jina la Kisomali ni la mtu, la baba na la babu. Karani akiandika "Mohamed Abdi" akaishia hapo, huenda wodini wamo watatu. Tena wengi mtaani hujulikana kwa lakabu: Dheere, yaani mrefu, au Timacadde, mwenye mvi. Jirani anayemtafuta Dheere huenda hajapata kulisikia jina lake la kitambulisho. Mimi ningeongeza safu mbili daftarini, ya lakabu na ya jina la mama.

Kisha kuna woga. Baada ya milipuko ya Machi 31, 2014, polisi walifanya msako Eastleigh. Maelfu walikamatwa, wengi wakazuiliwa uwanja wa Kasarani. Mkimbizi asiye na karatasi, akiulizwa jina huku askari amesimama mlangoni, atadanganya au atatoroka na kidonda chake. Kwa hiyo mwandishi wa majina awe muuguzi au mtu wa kujitolea anayesema Kisomali na Kiborana, na daftari lisianzie mikononi mwa askari. Polisi wana uchunguzi wao; wangoje zamu.

Wiki ijayo: redio, simu, na nani hasa anayehesabu vitanda.