Tumbo likichafuka baada ya kuumwa na mbwa, usikimbilie kutupa dawa

MTU anayeng'atwa na mbwa au paka aghalabu hutoka hospitalini akiwa na tarehe za chanjo ya kichaa cha mbwa, pamoja na tembe za kuua bakteria walioingia kidondani kwa mate ya mnyama. Siku chache baadaye tumbo huanza kumchafuka. Baadhi huacha tembe papo hapo, na wapo wanaoacha hata chanjo wakidhani ndiyo iliyowadhuru.

Dawa inayotolewa mara nyingi ni mchanganyiko wa amoksilini na asidi ya klavulaniki. Huteuliwa kwa kuwa inawamudu bakteria aina ya Pasteurella, ambao huishi vinywani mwa mbwa na paka na wanaweza kuvimbisha jeraha kabla ya saa 24 kwisha. Ila asidi hiyo husumbua utumbo, nayo dawa yenyewe huua pia bakteria wenye manufaa tumboni. Ndipo mgonjwa akapata kichefuchefu na kuhara.

Usumbufu huo hupungua tembe ikimezwa mwanzoni mwa mlo, si tumbo likiwa tupu. Anayehara anywe maji kwa wingi, au maji ya ORS yanayopatikana katika maduka ya dawa. Asipunguze dozi kwa hiari yake, wala asimeze dawa ya kufunga tumbo kabla ya kumwona daktari.

Zipo dalili zisizovumilika hata kidogo. Mwili ukitoka vipele vya kuwasha, midomo au ulimi ukivimba, ama pumzi ikibana, mgonjwa aache tembe na akimbizwe hospitalini mara moja. Kuhara damu na macho kuwa manjano pia kunahitaji daktari, hata kukitokea wiki kadhaa baada ya dawa kwisha.

Aliyewahi kudhuriwa na penisilini sharti aseme kabla ya kuandikiwa dawa, ili apewe nyingine, mathalani doksisiklini pamoja na metronidazoli. Hizi nazo zina vituko vyake. Doksisiklini humezwa kwa bilauri nzima ya maji, mtu akiwa wima, la sivyo huunguza umio; maziwa nayo huipunguza nguvu. Metronidazoli huacha ladha ya chuma kinywani, na anayeitumia hushauriwa kutogusa pombe.

Hata daktari akibadilisha au kusimamisha tembe, chanjo haiguswi. Kichaa cha mbwa huletwa na virusi, na hakuna tembe ya bakteria inayoweza kuvizuia. Kinga yake ni kuosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha chanjo, na kwa majeraha mabaya, sindano ya kingamwili. Dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufariki. Mkono kuuma palipodungwa, au homa kidogo, ni jambo la kawaida. Mgonjwa arejee kliniki tarehe aliyoandikiwa, tumbo liwe limetulia au bado.