Busaa, chang'aa na presha: kipimo ambacho moyo hausahau

Agosti ya kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, Wabukusu wa Bungoma hutahiri vijana wao, na busaa hupikwa kwa wingi. Unga wa mahindi uliovundikwa hukaangwa juu ya bati, ukachanganywa na kimea cha wimbi na kuachwa uchache. Wazee huketi wakizunguka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake mrefu. Ni pombe ya heshima na ujirani. Ila chungu cha pamoja hakina kipimo: anayeinuka hajui amekunywa kiasi gani.

Moyo hauangalii jina la pombe, unapokea ethanoli tu. Shirika la Afya Duniani huhesabu gramu 60 za ethanoli kwa kikao kimoja kuwa ulevi wa kupindukia. Kiasi hicho kimo katika chupa tatu za bia za nusu lita zenye asilimia 5, au takriban lita mbili za busaa ya asilimia 4. Kwa chang'aa, inayouzwa kwa siri katika mitaa mingi ya Kitale, glasi moja ya mililita 200 yenye asilimia 40 inatosha. Na chang'aa haina lebo ya kumwonya mnywaji.

Ethanoli huamsha homoni zinazobana mishipa na kuongeza mapigo, presha ikapanda. Huvuruga pia umeme wa moyo: vyumba vya juu hutetemeka badala ya kusukuma, damu inatuama na kuganda, na bonge likifika kwenye ubongo huleta kiharusi. Kwa anayekunywa sana kwa miaka mingi, misuli ya moyo hulegea na kutanuka. Hapo ndipo miguu huvimba na mgonjwa hushindwa kupumua akilala chali.

Wapo wanaosema kidogo hulinda moyo. Tafiti nyingi za zamani zililinganisha wanywaji na wasiokunywa, na kati ya wasiokunywa walikuwemo walioacha kwa sababu tayari walikuwa wagonjwa, hivyo wanywaji wakaonekana wenye afya zaidi. Mwaka 2022 Shirikisho la Moyo Duniani lilitamka wazi kuwa hakuna kiwango cha pombe chenye faida kwa moyo.

Presha haiumi, na hilo ndilo la kuogopa. Utafiti wa kitaifa wa 2015 ulionyesha karibu robo ya Wakenya wazima walikuwa na presha ya juu, huku zaidi ya nusu ya watu wazima wote wakiwa hawajawahi kupimwa. Ukipata 140 kwa 90 au zaidi, rudi upimwe tena na usikilize ushauri wa daktari.

Habari njema ni kwamba mnywaji sana akipunguza, presha huanza kushuka ndani ya wiki chache. Lakini aliyezoea kunywa kila siku asiache ghafla peke yake, maana anaweza kupata degedege. Aende kituo cha afya, aseme ukweli kuhusu kiasi anachokunywa, na asaidiwe kuacha salama.