Kapedo: Maji Tele, Shamba Hapana

Sisi watu wa pwani tukisikia Turkana twafikiri kiu tu. Basi mgeni akifika Kapedo, mpakani mwa Turkana na Baringo, hustaajabu. Maji yabubujika mwambani chini ya mlima Silali usiku na mchana, yakaporomoka jabalini na kuingia mto Suguta. Ila ni ya moto, nyuzi 50 hivi. Mwenye kutaka kutawadha hana budi ayateke ayangoje yapoe. Na akisukutua atayajua mara moja: yana magadi.

Nilifuatana na kijana mpima udongo. Mzee mmoja wa hapo ndiye aliyetuongoza, nami nikamwuliza mbona maji yapo na shamba silioni.

“Mwanangu, nilijaribu,” akasema.

Alichimba mfereji, akapanda mtama na nyanya. Mtama ulitoka, ukawa manjano, ukakauka kuanzia ncha za majani. Nyanya hazikuchomoza. Mwaka uliofuata hata nyasi zilikataa kuota mahali pale.

Kijana akachimba shimo la kumfika kifuani, akaingia ndani. Sikujua kwamba kazi hii yataka mikono ya mfinyanzi. Kutoka kila tabaka alichukua donge, akalilowesha, akalivingirisha kiganjani: likinyooka kama uzi, mfinyanzi ni mwingi, likivunjika, ni mchanga. Rangi aliilinganisha na kijitabu chenye vipande vya rangi. Akadondosha asidi, udongo ukatoa povu, maana yake una chokaa. Mwisho akaukoroga katika maji, akatia chombo chake ambacho kwacho maji safi husoma 7. Kikasoma zaidi ya 9.

Chumvi ya kawaida humnyima mmea maji, lakini yaweza kuoshwa kwa maji matamu mengi yakipata pa kutokea. Magadi ni balaa jingine. Huzitawanya chembe za mfinyanzi zikaziba kila kitundu. Udongo ukilowa ni uji, ukikauka ni tofali. Huo hauponi kwa kuoshwa tu, hutiwa jasi kwanza. Na mzee wa watu alikuwa akiumwagilia maji ya magadi kila siku!

Wataalamu huuita wa chumvi solonchaki, na wa magadi soloneti. Msitishwe na majina. Asili yake ni midomo ya wakulima wa Urusi. Hata Unguja, wapimaji wa miaka ya 1950 walitumia majina waliyoyakuta kwa wenye mashamba: kinongo, kichanga, uwanda.

Wafugaji nao wana elimu yao. Kabla ya jembe kuinuliwa, mzee alikuwa ametuonyesha kwa fimbo: pale mbuzi hulamba, pale maji ya mvua husimama, pale penye mikoma mizizi hufika kwenye unyevu. Mashimo mawili yalimwunga mkono. La tatu waliligombania hadi jua likachwa, nami sikuingilia.

Ramani ya udongo wa Kenya nzima ipo, ilitoka 1982. Lakini milimita yake moja ni kilomita nzima ya ardhi. Mfereji wa mzee mtauona wapi humo? Tena maji pekee yamekwisha kuwadanganya wakubwa kuliko yeye. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba Lotikipi, huko kaskazini ya Kakuma, pana bahari ya maji chini ya ardhi. Yalipopimwa baadaye yakaonekana yana chumvi nyingi mno. Kumbe kando ya mto Turkwel, Katilu na Lodwar, ambako mafuriko huacha tope jipya na maji ni matamu, Waturkana wamepanda mtama tangu zamani.

Kijana akamshauri mzee auache mfereji, ajaribu kipande kidogo kwenye tope la kijito cha mvua, mbali na chemchemi.

“Na hapa nilipochimba?”

Kabla hajajibiwa, mbuzi wake walikuwa wameshateremka, wanalamba ukuta wa shimo letu.